Mlango wa Gereji ya Baba

Mlango wa gereji ya baba ni wa chuma kizito, na hufunguliwa kwa kusukumwa kando. Chini una magurudumu manne yanayopita juu ya reli iliyozikwa kwenye saruji. Baba aliuweka akiwa bado na nguvu, na siku hizo aliusukuma kwa bega moja huku akiongea na watu. Siku hizi ana fimbo, na mlango ni wangu. Yaani kazi yake ni yangu.

Nilirudi kwetu Tetu mama alipofariki, maana baba hakujua hata chumvi inakaa wapi. Kaka yangu alisema kazi imembana kule Nakuru. Imembana miaka minane sasa.

Kila kiangazi nilikwangua kutu, nikapaka rangi, kisha nikayapaka magurudumu yale mafuta tunayopaka ng'ombe chuchu kabla ya kumkamua. Huku kwetu kila boma lina kopo la mafuta hayo, na kila kitu kinacholia hupakwa. Baba alifanya hivyo, nami nikafanya bila kuuliza. Kumbe mafuta yale hushika vumbi na makapi ya nyasi. Mwaka hadi mwaka yaliganda kama ukoko wa ugali, mpaka asubuhi moja ya Julai, manyunyu yakianguka, mlango ukakwama nusu na pikapu ikabaki ndani.

Baba akasema tumngoje kaka yangu. Tulimngoja miezi miwili. Chakula cha ng'ombe kikawa kinakuja kwa bodaboda, nami nikawa nashika gunia kwa nyuma, kwa umri wangu huu.

Nilishuka Nyeri mjini kumtafuta fundi. Aliziangalia picha kwenye simu yangu, akaelewa shida mara moja, halafu akauliza mwenye boma anasema aje. Nikamwambia mwenye boma ni mzee na mimi ndiye binti yake.

"Basi nipee namba ya kijana yake," akasema. "Sitaki nikuje kufungua mlango ya wenyewe, alafu niulizwe nani aliniita."

Nilimjibu vibaya, na sijutii. Lakini magurudumu aliniuzia. Kwa hayo hakuhitaji ruhusa ya mwanamume yeyote.

Kazi ilinichukua siku tatu. Nilijipenyeza kwenye ule upenyo, nikatoa jeki ya pikapu, nikauinua mlango upande mmoja na kuuwekea mawe chini. Nati za magurudumu zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazimwagia mafuta ya taa na kuziacha zilale. Kesho yake zikakubali spana, ila ya mwisho ilinichukua ukucha wa kidole gumba. Nikakwangua reli kwa tindo mpaka chuma kikang'aa, nikafunga magurudumu mapya, nikapaka grisi kidogo kwenye ekseli na reli nikaiacha kavu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti uani, ananitazama. Alisema mara moja tu kwamba ile haikuwa kazi yangu.

Siku ya tatu mlango ukaenda kwa mkono mmoja. Baba akainuka, akausukuma, akaurudisha, akausukuma tena. Nilimwona akitabasamu. Nilifurahi kuliko ninavyotaka kukiri.

Nilifurahi kwa sababu wazee wa ukoo walikuwa wanakuja Jumamosi ile kumsikia baba akisema boma na shamba ataachia nani. Sikutaka vyote. Nilitaka kipande kilicho na nyumba, niishi bila kumwomba mtu ruhusa, na nilitaka baba aseme mbele yao kwamba anayelishikilia boma hili ni mimi.

Jumamosi wakaja, na kaka yangu akaja, amevaa suti. Mzee mmoja akaomba gari lake liingizwe gereji kwa sababu ya mvua. Tulikuwa tumeitoa pikapu, kwa hiyo nilifungua. Mlango ukateleza bila kelele, naye akausifu, akasema wa kwake umemshinda.

"Ni kijana yangu alitengeneza," baba akasema.

Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Nilingoja. "Ilikuwa kazi kidogo tu, mzee," kaka akasema.

Nikaingia jikoni kuleta chai. Nilikuwa bado namimina nilipomsikia baba akitoa neno lake: boma na shamba ni vya kijana, na msichana ataangaliwa na ndugu yake. Msichana huyo ana miaka arobaini na saba. Wazee wakaitikia, wakaomba dua, wakala.

Walipoondoka wote, kaka yangu akiwa wa kwanza kwa sababu ya kazi yake, nilikaa mbele ya baba na kumuuliza nani alitengeneza mlango.

"Ni wewe," akasema. "Si nilikuwa hapo?"

"Mbona uliwaambia ni yeye?"

Alisugua goti. Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mtu anayetaka aeleweke.

"Ningesema ni wewe, ati wangeniuliza mbona boma sikupatii wewe. Na mimi sikuwa na jibu."

Miaka yote hiyo nilidhani haoni ninachofanya. Heri ingekuwa hivyo.