Msumari wa Mti Ndani ya Soksi

Niliuiba. Nianzie hapo, maana mtaa mzima wa Magongo unajua na wengine wameongeza chumvi, eti niliiba daraja zima. Niliiba msumari mmoja tu wa mti, urefu wa kidole cha kati, nikautia ndani ya soksi. Ulikuwa umelegea, na kitu kikishalegea mbele yangu hakidumu.

Mwalimu wa historia alikuwa ametupeleka sisi kidato cha tatu kwenye msitu wa mapumziko upande wa Kisauni, tukaone daraja la kale la mbao. Daraja lenyewe halipo. Kuna nguzo mbili zilizooza katikati ya tope la mikoko, gogo moja refu limelala ukingoni, na kibao kinachosema hapa palikuwa na daraja.

"Mwalimu," nikasema, "hata kwetu kuna sufuria iliyokuwa na nyama. Mbona watu hawaji kutazama?"

Darasa likacheka. Mwalimu akanikazia macho. Mtunzaji wa pale naye alikuwa ameshanichukia tangu langoni. Mwanamume mkavu, buti za mpira, ufunguo wa geti unaning'inia shingoni. Alituamuru tumwamkie upya, mmoja mmoja, kwa sababu shikamoo ya kwanza tuliitoa kwa pamoja kama washangiliaji wa mpira.

"Huku Pwani salamu haitupwi kama jiwe," alisema. "Nyinyi wa bara mmesikia?"

Mimi wazazi wangu ndio wa bara, mwenyewe nimezaliwa Changamwe. Nikamwamkia kwa sauti ya kizee iliyotetemeka. Akanitazama kama mtu aliyemkuta kunguru kwenye sahani yake.

Kisha akaeleza jambo ambalo sikulisikiliza, kwa kuwa nilikuwa nachonga mzaha mwingine. Daraja lile lilifungwa bila chuma, kwa misumari ya mti mgumu wa mbambakofi, na kwenye gogo imebaki tisa. Kundi likiingia, yeye huihesabu kwa kuigusa kwa kidole. Likitaka kutoka, huihesabu tena.

Tulipotaka kutoka, akagusa. Nane. Akaanza upya kutoka ncha ya pili. Nane. Akaenda akafunga geti, akarudi pole pole.

"Nani alikalia gogo langu?"

Macho yote yakamwendea mwenzangu wa dawati. Alikuwa amekaa pale kutoa kokoto kiatuni, basi.

"Sikuchukua kitu, mwalimu," akasema.

"Wewe tena," mwalimu akajibu.

Hilo "tena" lilinikata maini. Mwenzangu alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa shule, na ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Mama yake hukaanga viazi karibu na matangi ya mafuta. Siku ya barua ya pili aliacha karai, akaja na aproni yake, akapiga magoti ofisini mbele ya mwalimu mkuu huku sisi tunachungulia dirishani. Kesho yake nikamwigiza mama huyo darasani, magoti na yote. Walicheka mpaka wakalia.

Mtunzaji akaupindua mkoba wa mwenzangu juu ya majani. Madaftari, rula iliyovunjika, viazi vya mama yake ndani ya karatasi. Akavisukuma kwa ncha ya buti. Mwalimu akatoa simu ampigie mwalimu mkuu. Mwenzangu akanitazama, nadhani alingoja niseme kitu cha kuchekesha kama kawaida yangu. Msumari ulikuwa unanitafuna kifundo cha mguu.

"Mwalimu, ni mimi."

"Nyamaza. Leo si siku ya upuuzi wako."

"Wallahi ni mimi."

"Wewe wa bara, hata hiyo wallahi si yako," akasema mtunzaji.

Ikabidi nivue kiatu, kisha soksi, wote wakiangalia. Mtunzaji akauchukua msumari, akaunusa, akajuta. Akaurudisha tunduni kwa kiganja, akagusa moja hadi tisa, ndipo akafungua geti.

"Wewe usirudi huku hata ukiota ndevu," akaniambia.

Mwenzangu aliokota vitu vyake peke yake. Nilipoinama kumsaidia alisema, "Acha."

Mwalimu alikuwa ameshampigia simu mama yangu. Nilimkuta mlangoni kwetu na dasti koti ya kiwandani bado mwilini. Nikamsimulia yote, na nikaongeza kidogo pale mtunzaji aliponusa, nikitumaini atatabasamu. Hakutabasamu. Na kumbe habari za yale magoti niliyoigiza zilishamfika zamani, alikuwa ameziweka tu.

"Mwenzako akimwagiwa mkoba, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Kando."

Nikainama kufungua kamba.

"Usivue viatu," mama akasema. "Unakwenda kwa mama yake sasa hivi, ukamwambie yote kwa mdomo huo huo uliomwigizia. Akikufukuza, kaa hapo hapo mpaka amalize kukufukuza."