Lifti ya Mkaguzi

Mkaguzi wetu wa magari haamini rangi mpya. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," hunung'unika, kisha huingia uvunguni mwa gari na kugonga vyuma kwa mpini wa bisibisi huku amefumba macho, kama daktari anayesikiliza kifua. Gari la mwisho akilipitisha, humwomba mwenyewe lifti hadi kwake, chini ya mteremko mkali. Jana la mwisho lilikuwa la shemeji yake: gari kuukuu la kusambazia mikate, alilouziwa mwezi uliopita likiwa na cheti na rangi inayong'aa. Mkaguzi aligonga, kutu ikammwagikia usoni.

"Tia sahihi tu, shemeji," yule akabembeleza. "Dada yako hupanda hilihili kila siku, wala hajalalamika."

Mkaguzi alijipangusa polepole, akatia funguo za gari mfukoni.

"Basi leo mimi na wewe tutembee."