Mwanafunzi Wangu, Mwenye Duara

Wanaokuja kujifunza kusokota kamba hapa kwetu, nje kidogo ya Mhunze, hupenda kusema mimi ni mtu wa subira. Si kweli. Mimi ni mtu wa kinyongo. Kamba zilinipa kazi baada ya kupofuka, lakini kilichoniamsha asubuhi miaka yote hii ni mtu mmoja, na jina lake sitaki lipite mdomoni mwangu.

Alikuwa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, upande wa Kharumwa, nami nilikuwa mchimbaji wake. Siku moja tulitega baruti, tukawasha utambi, tukapanda juu kungoja mlipuko. Kimya. Nilimwambia tuache mpaka kesho, maana kila mchimbaji anajua kwamba utambi ukikawia huufuati. Akanijibu, "Zama. Mwamba haumsubiri mwoga." Nikazama. Sijafika hata chini, baruti ikalipuka.

Hilo ningelimeza. Machimboni watu hufa, mimi nilipoteza macho tu. Nililoshindwa kulimeza ni maneno aliyoyasema nikiwa bado hospitali na bendeji usoni. Mganga wa duara lile alikuwa ametupa masharti: mtu asirudi kwa mkewe mpaka mwamba utoe dhahabu. Mwenye duara akawatangazia watu kwamba mke wangu aliniita nyumbani, nikalala naye, nikarudi shimoni na mkosi. Sikuwa nimetoka kambini hata siku moja. Lakini uongo ule ulimfaa mganga, ukamfaa na bosi, na mke wangu, aliyekuwa na genge la nyanya pale Kharumwa, akageuka mwanamke aliyeharibu duara. Wateja walihamia genge la jirani. Wake za wachimbaji walitema mate akipita. Tukafunga virago tukaja huku kwao.

Mama mkwe wangu naye aliuamini. "Umempofua mtoto wa watu," ndivyo alivyompokea binti yake, mimi nimesimama pale pale na fimbo yangu. Nilikanusha. Mke wangu aliapa. Mama mkwe akasema wenye aibu ndio wepesi wa kuapa, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Hata hivyo hakuniacha nikae bure. Boma lote limezungukwa na mkonge, na yeye kamba alizijua tangu utotoni. Tatizo ni kwamba katani husokotwa juu ya paja tupu, na kwetu Wasukuma mkwe haketi hata mkeka mmoja na mama mkwe, sembuse kumwonyesha paja. Basi alinifundisha akiwa nyuma ya ghala la mtama, akisema na binti yake kana kwamba mimi sipo duniani.

"Mwambie mwenzio asokote nyuzi mbili kuelekea gotini, kisha azirudishe kwa pamoja."

Mke wangu alizunguka ghala kumpelekea kipande changu, nacho kikarudi kimefumuliwa. "Mama anauliza hii ni kamba au mkia wa panya." Nilisokota mpaka paja likatoka malengelenge, yakapasuka, ngozi ikakomaa. Siku moja kipande hakikurudi. Kumbe alikuwa amekifungia ndama.

Baadaye kamba zangu zilikuwa zinashika madume mnadani, na watu wakaanza kuja kujifunza. Walitangulia vipofu wenzangu, wakafuata wenye macho, ambao ninawafunga kitambaa usoni kwa sababu macho yanaiharakisha mikono. Lakini mama mkwe, aliyenifanya mtu tena, hakumsamehe binti yake kosa ambalo hakulitenda. Alipougua mara ya mwisho alikataa kunywa maji kutoka mkononi mwake. Akafa hivyo. Siku ile niliapa kwamba mtu yule nitampata, ingawa sikujua kipofu atamtafutaje.

Alijileta mwenyewe. Sukari ilikuwa imemla macho, akahamia kwa binti yake Mhunze, na binti akasikia kuna mwalimu wa kamba. Aliposema tu "Habari za hapa" nilimjua. Yeye hakunijua. Nilimpokea, nikamkalisha, nikampa katani.

Kwa wiki tatu kila alichosokota nilikifumua. Mbele ya wenzake nilimwambia, "Baba, rudia." Vingine vilikuwa vizuri kabisa. Nilisikia akivuta pumzi kwa meno kila mkono ulipopita juu ya malengelenge, na nilistarehe. Mkuki kwa nguruwe. Mke wangu alijua. Alimwekea katani mbichi pembeni, akaondoka bila kumsalimia.

Ila paja lake halikuwa deni nililolitaka. Alhamisi moja mama mmoja katika wanafunzi akamuuliza habari za dhahabu, naye, kwa kupenda kusikilizwa, akaanza kusimulia. Akafika kwa mchimbaji mmoja mjinga aliyeshindwa kukaa mbali na mkewe, akavunja masharti, baruti ikamla macho. Watu wakacheka.

"Na utambi?" nikauliza.

"Utambi gani, mwalimu?"

"Uliokawia. Nani alimwambia azame?"

Mikono yote ilisimama. Nilisikia katani ikimdondoka.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Sasa wasimulie vizuri."

Alisema kwa sauti ndogo. Kwamba mimi ndiye niliyemkataza, yeye ndiye aliyenizamisha. Kwamba sikuwa nimeenda nyumbani. Kwamba aliogopa wachimbaji wangemkimbia, akaona afadhali aseme ni mwanamke. Akaanza kulia akiomba nimsamehe. Nilikuwa na matusi ya miaka mingi, nimeyapanga, nikafungua mdomo niyaanze.

Mke wangu akatoka alikokuwa akiloweka katani, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, baba. Mwanamke mwenyewe ni mimi."

Hakungoja marahaba. Akamshika mkono, akamwinua.

"Msamaha tutazungumza siku nyingine. Mama yangu amelala hapo nyuma ya zizi. Alikufa hajaniamini. Twende ukamwambie."

Tulikwenda sote, wanafunzi nyuma yetu. Alipiga magoti kwenye udongo wa kaburi, akasema yote tangu mwanzo, kwa Kisukuma, jasho na machozi vikimchanganya maneno. Mke wangu alilia kwa sauti. Mimi nilisimama juu ya yule mzee nikisikiliza, na sikuona huruma hata chembe.

Alipomaliza, nilimwambia kwamba mama alikuwa mzito wa kusikia, arudie.