Mkwe Aliyekatwa Kichwa

Nelius wa mtaa wa Majimbo, Embu, alikuwa na tabia moja ambayo padri wake hakuijua. Alikuwa akiwapiga watu picha bila ruhusa yao, mchana kweupe, amebeba kiondo chake na kutembea polepole kama mjane anayekwenda kununua sukuma wiki. Mjane alikuwa kweli. Sukuma pia alinunua, maana majani yale yalimsaidia kufunika kilichokuwa chini yake. Ubavuni mwa kiondo alikuwa ametoboa tundu, nyuma ya tundu kamera ilikaa kimya, na kidole cha Nelius kilikuwa humo ndani kikifanya kazi huku mwenyewe akiuliza watu habari za watoto.

Hakuanza na utundu huu. Zamani yeye na marehemu mumewe, Njiru, walikuwa na studio mjini, yenye pazia lililochorwa ziwa na ndege wa angani. Watu walikuja wamepaka mafuta, wakasimama wima kama nguzo za ua, wakakataa katakata kucheka. Njiru akafa. Simu za kamera zikaingia, kila mtu akawa studio yake mwenyewe, na Nelius akakunja ziwa lake akalitia chini ya kitanda.

Kilichomharibu ni kitabu. Alikiokota kwenye lundo la vitabu vikuukuu sokoni, kikubwa, kimekatika jalada, kimejaa picha za mitaani zilizopigwa na mabingwa wa dunia. Humo alikuta habari za Mfaransa aliyevizia nyuma ya stesheni mpaka akamnasa mtu akiruka dimbwi la maji. Alikuta pia habari za yaya mmoja wa Amerika aliyezurura na watoto wa tajiri yake huku akipiga picha za wapita njia, maelfu kwa maelfu, asimwonyeshe mtu. Nelius akampenda yule yaya papo hapo. Mwanamke wa kutumwa dukani, hakuna anayemwangalia, na kumbe yeye ndiye anayewaangalia wote!

Basi akaanza. Alimnasa askari wa kaunti amelala fofofo juu ya mikungu ya ndizi aliyomnyang'anya mchuuzi. Alimnasa mwenyekiti wa kamati ya kanisa akisoma tangazo la kifo huku kidole kimepotea puani. Jioni alifunga mlango, akazitazama picha hizo, akacheka mpaka akakohoa. Nani angemshuku? Jumapili alikuwa safu ya pili, kitambaa kichwani, anaimba sauti ya juu kuliko wote.

Kuzihariri na kuzichapisha alikwenda Meru, kwenye duka la Habon karibu na uwanja wa Kinoru. Habon alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Kisomali waliokaa Meru tangu enzi za babu zao, na Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko cha Nelius, ambaye kila akikisema Kiembu kilichungulia. Habon ndiye aliyemfundisha kuondoa rangi, kutia giza hapa na mwanga pale, na juu ya yote, kukata sehemu za picha. Nelius akaona kukata ni kutamu kupita hata kupiga. Ukimkata jirani, mtu anabaki peke yake na ujinga wake. Ukikata mguu wa meza, sahani inaelea. Mkono wake ukawa mwepesi mno kwenye jambo hilo, na Habon akawa na kazi ya kumzuia.

Safari hizo zilikuwa na faida nyingine. Bintiye, Karimi, alikuwa ameolewa hapo hapo Kinoru na Bundi, muuza misumari na mabati, mtu mpole mwenye mabega mapana, nao walikuwa na mtoto mmoja, Kathambi. Nelius aliyajua mabega hayo vizuri kwa sababu ndiyo aliyoruhusiwa kuyaona. Kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawakodoleani macho, na wakikutana kwenye kijia mmoja huchepuka akaingia kwenye mahindi. Kosa lililo baya kuliko yote ni mama kumwona mkwe akila, mdomo wazi, meno yanatafuna. Katika ukoo wa Nelius, mama aliyeona hivyo alitoa mbuzi, watu wakakaa wakala pamoja, aibu ikaisha. Siku hizi vijana wanayacheka mambo hayo, wanawakumbatia mama wakwe hadharani. Lakini Nelius, pamoja na ushetani wake wote wa kiondo, hapo hakuwa na mchezo. Bundi alipoingia, yeye alitoka kwa mlango wa jikoni.

Na Bundi, maskini, alikuwa mgonjwa wa tumbo. Tangu siku alipokuja kwa akina Karimi mara ya kwanza kujitambulisha, alisema nyama inamchoma ndani. Karimi aliingia kwenye ndoa na habari hiyo na kuitunza kwa moyo wote. Alimpikia kabeji ya kuchemsha, kabeji ya kukaanga, kabeji na viazi. Hata harufu ya nyama hakuiruhusu ipite dirishani. Kila akimpigia mama yake simu alimpa taarifa ya tumbo la Bundi kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Mwaka ule Habon aliandaa maonyesho ya picha za mitaani katika ukumbi mmoja mjini. Ukuta unaotazamana na mlango aliutenga kwa picha moja tu, kubwa, ile itakayozizidi nyingine zote. Nelius alitaka ukuta huo. Hakuwahi kutaka kitu namna hiyo tangu alipomtaka Njiru, na ilimshangaza kuona kwamba umri haukupunguza chochote.

Siku ya mechi akazunguka nje ya uwanja na kiondo chake. Palikuwa na msongamano, firimbi, moshi wa nyama, watu wanasukumana. Hakutazama. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake: macho yanatazama mbele kwa adabu, kiondo kinatazama pembeni kwa utundu. Kidole kikabonyeza na kubonyeza, kisha akaenda moja kwa moja dukani.

Habon alifungua picha moja kwenye kompyuta, akaacha kutafuna bazoka. "Mama Karimi," akasema, "hii ni noma."

Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya jiko la mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa. Kipande cha mutura kilikuwa nusu ndani ya mdomo, nusu nje, mafuta yanateremka kidevuni, macho yamefumbwa kwa raha isiyo na kifani. Nyuma yake, kwenye ukuta, kulikuwa na bango la mkutano wa injili, na mhubiri aliyechorwa juu yake alikuwa amenyoosha mikono miwili, kila mmoja upande wake wa kichwa cha mlaji, kana kwamba anambariki yeye na mutura wake. Hata moshi ulikuwa umepanda mahali pake.

"Ondoa rangi," Nelius akasema kwa sauti ndogo. Habon akaondoa. "Tia giza pembeni. Mweke yeye kwenye mwanga. Haya, msogeze uso karibu niuone."

Habon akausogeza. Nelius akautazama, akatabasamu, akautazama tena, macho yakashukia kwenye mabega yale mapana. Kisha akapiga yowe, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni na kugeukia ukuta.

"Ni nini? Mama, ni nyoka?"

"Ni baba Kathambi!"

"Baba Kathambi nani?"

"Bundi! Bwana ya Karimi! Funga hiyo kitu! Nimemuona akikula, Habon, nimemuona mpaka kimeo!"

Habon alicheka mpaka akashika meza. Alizaliwa Meru, hakuhitaji kuelezwa. "Si wewe umemuona, mama. Ni kiondo."

"Kiondo ndio kimesema aletwe karibu?"

Alikaa pale ameutazama ukuta, na mambo mawili yakimvuta huku na huku. Picha hii ikitundikwa nzima, Karimi angejua kwamba mumewe ni mwongo na kwamba kabeji zote zile zilikuwa bure. Tena Meru nzima ingejua kwamba Nelius amemkodolea mkwe wake akitafuna. Isipotundikwa, basi. Hangepata nyingine. Picha ya namna hii huja mara moja, na yeye hakuwa msichana. Alimkasirikia Bundi vibaya sana. Mtu akitaka kumdanganya mkewe, kwa nini aende kufanya hivyo mbele ya bango zuri kiasi kile?

"Mkate kichwa," akaamua.

"Mama!"

"Kata. Mimi siwezi geuka. Anza juu, ukifika kwa kidevu uniambie."

Ndivyo ilivyohaririwa picha ile, mpiga picha akiwa amejifunika uso na kupokea habari zake kwa mdomo wa mwingine. Habon alikata macho, akatangaza. Akakata pua, akatangaza. Alijaribu kutia uso kivuli badala ya kuukata, akasema sasa anafanana na mwizi. Walipomaliza, kilichobaki kilikuwa tumbo, mkono, kipande cha mutura na mikono ya mhubiri iliyombariki mtu asiye na kichwa. Nelius akageuka, akainua kitambaa kidogo, akaona. Moyo ukamuuma kwelikweli.

"Hii ni tangazo ya bucha," Habon akasema bila huruma.

"Tundika hivyo hivyo."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Nelius alisimama nyuma ya ubao wa picha za watu wengine, akichungulia kwenye ukuta wake. Watu waliingia, wakaitupia jicho, wakapita. Wakasimama mbele ya punda wa mtu fulani. Wakasimama mbele ya picha ya mvua, mvua tu! Mwanamke mmoja aliuliza kama hapo ndipo pa kuagizia mutura. Nelius alibana meno. Alikuwa ameiua picha yake kwa mkono wake mwenyewe, na hata pole hangeweza kupewa, maana, zaidi ya Habon, hakuna aliyejua kilichokufa.

Kisha akaingia Karimi, na nyuma yake mabega yale. Nelius akarudi nyuma ya ubao haraka, lakini masikio hayana kitambaa.

"Ni ya mama hii?" Karimi akauliza. "Mbona haina kichwa?"

Bundi alisogea karibu na ukuta. Alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Kwenye kidole gumba cha mkono ule wa pichani kulikuwa na kovu la bati, na kila mtu anaujua mkono wake. Angeweza kusema ni picha nzuri, akaenda kumtazama punda. Njia ilikuwa wazi kabisa.

"Habon," akaita. Hakuweza kumwita mama mkwe, ingawa aliviona viatu vyake chini ya ubao. "Ebu ambia mama arudishe kichwa."

"Kichwa ya nani?" Karimi akauliza.

"Yangu."

Habon hakungoja kutumwa. Alikuwa ameichapisha ile nzima pia, kwa ukubwa ule ule, kinyume cha amri, akaificha nyuma ya meza akisubiri mwenye akili apatikane. Akaileta, akaiegemeza ukutani. Watu waliokuwa kwa punda wakaanza kusogea.

Karimi aliitazama. Nelius, nyuma ya ubao, alisubiri makelele, na makelele hayakuja.

"Sijawahi kuona ukifurahi hivi," Karimi akasema hatimaye. "Kwa meza yangu, hata siku moja."

Hilo lilikuwa baya kuliko makelele.

"Tumbo haina shida," Bundi akasema. "Haijawahi. Ile siku nilikuja kwenu, nyama ililetwa, na mama alikuwa anapita pita hapo kwa mlango na chai. Nikaogopa ataniona nikitafuna. Nikasema nyama inanichoma. Nilifikiria ni ya siku moja tu. Halafu ukanipikia kabeji na huruma mingi, nikashindwa kusema."

Nelius akaikumbuka siku hiyo. Ni kweli alipita mlangoni, tena na tena. Chai ilikuwa imeshamiminwa zamani. Alikuwa akipita kwa sababu alitaka sana kuona ni mtu wa namna gani anayemchukua Karimi, na hakuwa na kiondo enzi hizo. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akatoka nyuma ya ubao kinyumenyume, mgongo ukiwa umemwelekea mkwe kama desturi ilivyotaka, akagonga kiti.

"Karimi," akasema akitazama dirisha, "mbuzi iko. Mimi ndiye nimeona, mimi nitatoa."

"Umeona mara ngapi, mama?"

"Mara moja. Na nusu. Nusu ni ile haina kichwa."

Karimi akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kulia, akamchapa Bundi begani kwa mkoba wake, tena si kwa mchezo. Kisha yeye mwenyewe akalitoa lile tumbo ukutani na kuitundika ile nzima mahali pake. Hadi jioni haukupatikana upenyo wa kupita hapo.

Mbuzi alichinjwa Majimbo. Watu wa pande zote mbili walikaa, na Nelius akaketi meza moja na Bundi, uso kwa uso, na mikono yake haikujua pa kukaa. Alikuwa na macho madogo, mkwe wake, na nyusi zilizokutana katikati. Karimi, aliyekuwa bado hajamsamehe kabisa, alichagua ubavu mnono kuliko wote, akauweka mbele ya mumewe, akasimama hapo kumtazama. Bundi aliushika, akauinua, akakwama. Akamtazama mama mkwe kwa woga.

"Kula, baba Kathambi," Nelius akamwambia. "Nimeshakuona."