Kona ya Ukuta wa Makaburi

Chokaa ikilowekwa pipani huchemka yenyewe bila moto, na harufu yake hukukwaruza koo kabla hujaijua ni ya nini. Mwezi uliopita niliikuta tena, nilipokwenda Bagamoyo kupeleka mchango wangu wa kukarabati ukuta wa makaburi ya zamani. Wenzangu kwenye kundi letu la simu walitaka picha waone kazi imefika wapi. Sikupiga hata moja. Nilisimama pale nikikohoa, machozi yakinitoka, nikaisingizia chokaa.

Nilikuwa na miaka tisa ukuta ule ulipojengwa. Wa kwanza, wa mawe ya matumbawe, ulikuwa umeanguka, na mbuzi walikuwa wakilala juu ya watu waliokuwa na heshima zao. Ikaundwa kamati. Wanaume walichangishana msikitini, wanawake wakachangisha kwa vitumbua: kila alasiri walikaa uani kwa Bi Rehema, jirani yetu, wakachoma, sisi watoto tukatembeza. Bibi yangu, Bi Salma binti Omari, hakukosa hata siku moja. Magoti yalikuwa mabovu na moshi ulimuumiza macho, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuloweka mchele na wa mwisho kuosha vyombo. Wenzake walimtania kwamba anajijengea nyumba mapema. "Nikitangulia nitawawekea nafasi," akawajibu, nao wakacheka.

Kila Alhamisi alinichukua makaburini. "Haya, mke mwenzangu, beba mrehani." Tulianza kwa Mzee Omari, baba yake, kaburi kubwa lenye sahani ya kaure iliyopasuka, na pale Bibi alisoma Fatiha kwa sauti. Kisha tulitokea nyuma, njia aliyoiita ya mkato ingawa ilikuwa ndefu. Hatua chache nje ya ukuta ulioanguka palikuwa na mawe mawili yasiyochongwa, moja kichwani na moja miguuni. Hapo Bibi aliinama kama anayefunga kandambili. Kandambili haifungwi, hilo nililijua hata mimi. Mrehani wote uliobaki ulibaki pale, na midomo yake ikasema polepole, "Faida, mama, nimekuja."

Sikuuliza. Mtoto aliyelelewa na bibi yake hujifunza mapema lipi la kuuliza na lipi la kumeza.

Basi fundi Shomari akaja kupima. Akapigilia vigingi, akavuta kamba ya msingi, na kamba ikapita juu ya yale mawe mawili. Alhamisi ile Bibi hakuinama. Aliitazama kamba mpaka nikachoka kusimama, na jioni chakula chake tukampa paka.

Kabla ya kuchimba, ilikubaliwa isomwe hitima ya marehemu wote, na kila nyumba ilete karatasi yenye majina ya watu wake. Bibi alisoma Kurani vizuri kuliko wanaume wengi, lakini kuandika herufi za shule hakujua, akanitajia mimi niandike. Alimtaja Mzee Omari, wake zake, watoto wake. Faida hakumtaja. Nilidhani amesahau. Nikaongeza mstari wa mwisho kwa hati yangu bora: "Faida, mama yake Bibi Salma, yuko nje ya ukuta." Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa.

Katibu wa kamati alisoma kwa kipaza sauti. Kila jina lilikuja na bin yake au binti yake. Alipofika kwa Faida aligeuza karatasi nyuma kumtafuta baba. Hakumpata, akasoma kama nilivyoandika, pamoja na ukuta. Katika mji wetu, jina la zamani lisilo na baba lilikuwa jina la mtu aliyenunuliwa. Waliomjua Faida walikuwa wamekufa, au walijua wakanyamaza, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa ilikuwa imetangazwa. Bi Rehema, aliyekuwa amekaa na Bibi paja kwa paja, aliivuta kanga yake upande wake. Hakufanya zaidi ya hapo.

Nyumbani Bibi hakunipiga. Alikaa kitandani akaniita kwa jina langu, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo.

"Zuhura, nani alikwambia Faida ni mama yangu?"

"Wewe, bibi. Ukiinama unamwita."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Kumbe nilijisahau mwenyewe," alisema. "La kuvunda halina ubani."

Ukuta ulipinda. Uliacha kamba, ukatoka nje hatua tano, ukamzunguka Faida na kurudi, na kona ile ipo hadi leo. Watu walisema jina likishasomewa hitima hadharani, nani atathubutu kulichimbia msingi. Mimi nilijua ni kazi yangu, na kwa miaka mingi nilitembea na fahari hiyo kimyakimya. Kweli Bibi aliacha kwenda kwa Bi Rehema, akawa anachoma vitumbua peke yake na kunituma nipeleke sinia. Kweli hakukanyaga tena makaburini, kwa kuwa sasa kila mtu angejua anainama wapi. Alhamisi nilikwenda na mrehani peke yangu. Nikirudi aliniuliza, "Umemkuta?" Nami nikajibu nimemkuta. Hayo yote niliyaona, yakaniuma, lakini niliyahesabu kuwa gharama ya jambo jema.

Mwezi uliopita, fundi Shomari alikuwa amekaa juu ya ndoo akiwaelekeza vijana wake. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye niliyeupindisha ukuta wake. Alinitazama kwa huruma.

"Kona ile? Bibi yako alinijia siku mbili kabla ya hitima. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza mtu mzima. Niliahidi kuwaambia kamati pale pana mwamba, msingi hauchimbiki. Tulikuwa tumeshamalizana, mwanangu."

Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Hakuniambia hata mara moja kwamba hakuhitaji msaada wangu.