Kitabu cha Mahabusu

Alhamisi ile karatasi ya mdogo wangu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yametoka hapo, na kwa sababu nimechoka kuisimulia habari hii kwa kuanza na polisi, kana kwamba mimi sikuwamo.

Ilikuwa karatasi yake ya ukimbizi, ile kubwa ya kukunja mara nne, na mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika kwa jasho la mfuko wa suruali. Yeye aliuza mikanda na soksi barabarani katikati ya Johannesburg. Mimi nashona sare za kwaya na mapazia huku Doornfontein, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na Wakongo wawili na vyerehani vinne. Asubuhi hiyo nilimwambia, "Lete hiyo karatasi nikaitolee kopi, maana polisi watakuja kusoma matundu." Akacheka, akanipa. Mimi ni hodari wa kuwapangia watu maisha yao. Nikafika kazini nikakuta sare thelathini zinasubiri vifungo, na kopi nikaisahau.

Saa nane mchana alinipigia jirani yake wa barabarani, mama wa Bukavu anayesuka nywele chini ya mwavuli. Polisi walikuwa wamefunga mtaa pande zote mbili wanadai vibali, na asiyekuwa nacho mkononi alipakiwa garini.

"Yaya, ndugu yako bamemubeba," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako yaya ni dada. "Alibaambia karatasi iko kwako, bakakataa. Na simu yake iko hapa kwangu, ilianguka."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kujua amewekwa kituo gani, nimfikishie karatasi kabla hajapelekwa mahali wanapokusanywa watu wa kurudishwa makwao. Ikimfikia kituoni, anatoka siku hiyo hiyo. Akishavuka hapo, kila Mrundi niliyemuuliza alinitajia mtu ambaye hakurudi.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu. Burundi kila mtoto, mbali na jina la ubatizo, hupewa jina lake mwenyewe. Baba alikuwa na lake, mama lake, mimi nina langu na mdogo wangu ana lake. Jina la ukoo hatuna, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ni pengo, maana mtaa mzima unajua nani kazaliwa na nani. Huku hakuna mtaa wa kuuliza. Mwaka juzi alipovunjika mkono nilikwenda hospitali kumwona. Muuguzi akatazama karatasi yake, akatazama yangu, akasema, "Wewe si dada yake, majina hayafanani." Nilipayuka pale mpaka mlinzi akaitwa. Mdogo wangu alipotoka, mkono umefungwa plasta, alinicheka njia nzima.

"Dada, ipo siku utafungwa kwa sababu ya jina," alisema. "Siku nyingine nitawaandikisha lako, yaishe."

Nikamwambia aache upuuzi.

Kituo cha kwanza nilifika kabla ya saa kumi, sindano bado zimechomekwa kifuani. Askari wa kaunta alikuwa mama mtu mzima, miwani shingoni, na mbele yake kitabu kikubwa wanamoandikwa mahabusu. Akaniuliza jina la ukoo. Nikamtajia jina la mdogo wangu la kwetu na kumwonyesha lilivyoandikwa kwenye karatasi mahali pa ukoo. Kidole chake kikashuka taratibu kwenye safu ya kwanza, ukurasa mmoja, na wa pili.

"Hayupo, mama."

Nikamwomba arudie, akarudia. Nikamwomba atazame basi jina la ubatizo, akasema majina hayo wanayo wengi, yeye hutafuta kwa safu hii. Nikaegemea kaunta, kiganja juu ya kitabu chenyewe, nikapandisha sauti kwamba gari limeonekana likija huku huku.

"Eish, mama," alisema, akaniondoa mkono polepole. "Ukinipigia kelele ndiyo ataingia kitabuni?"

Ijumaa nilikwenda vituo viwili. Cha kwanza walitafuta wakasema hayupo. Cha pili kijana wa kaunta hakukifungua hata kitabu. Aliniuliza namtafuta kama nani. Nikasema dada yake. Akadai kitambulisho changu, akakiweka sambamba na karatasi, na nikajua anachokwenda kusema kabla hajasema. Hawatoi habari za mahabusu kwa watu baki. Nilikaa kwenye ngazi za kituo kile nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye wateja wanaopita barabara hiyo, na sikujali nani ananiona.

Jumamosi alinipigia binamu yangu aliye Marekani. Tulikuwa naye kambi moja Tanzania, yeye akapata safari na sisi tukashuka kusini.

"Mbona huku kwetu ni rahisi," alisema. Kwetu! "Unafungua ukurasa wa kaunti kwenye simu, unaandika jina, unamwona mtu na picha yake na kosa lake na saa aliyoingizwa ndani. Jirani yangu nilimwona humo kabla mke wake hajajua. Kaunti yenu nyinyi inaitwaje?"

Nikamjibu kwamba hapa hatuna kaunti, tuna kaunta. Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Baada ya simu ile nilibaki nimekaa kitandani. Siku nyingine ningesema ni aibu kubwa kumwanika mtu hivyo, uso wake mbele ya dunia nzima kabla hata ya hukumu. Jumamosi ile ningefurahi mdogo wangu aanikwe. Ningepiga magoti mbele ya picha hiyo.

Jumatatu yule mama wa Bukavu aliacha mwavuli wake akanipeleka mahakamani. Alisema waliokamatwa Alhamisi lazima wapandishwe kizimbani siku hiyo, na majina hubandikwa ukutani, kila mtu asome. "Acha kulia kwanza," aliniambia. "Benye bamefungwa bote beko pale."

Saa mbili kamili tulikuwa mbele ya ukuta huo, katikati ya akina mama wengine, kila mmoja na kidole chake. Orodha zilikuwa nyingi na hazikufuata herufi. Nilisoma karatasi zote nikitafuta jina lake, nikazirudia, nikazirudia tena mwenzangu akinisomea upande wa pili. Saa nzima ilipita hivyo, na zaidi. Katika kurudia huko macho yangu yakagonga jina langu.

Nilidhani natafutwa mimi, nikarudi nyuma nikamkanyaga mtu. Kisha nikasoma mbele yake. Jina langu ndilo lililotangulia, na lililofuata lilikuwa jina la ubatizo la mdogo wangu. Kosa: kuwa nchini bila kibali. Kituo alikotoka: kile cha kwanza, cha mama mwenye miwani.

Nilikimbia kwenye chumba cha mahakama kilichotajwa hapo. Kesi yake ilikuwa imeshaitwa. Ilichukua dakika chache tu, karani alisema, amekabidhiwa watu wa uhamiaji na gari limeondoka sasa hivi. Nikatoa karatasi nikaitandaza mbele yake. Akaisoma, akasoma faili, akarudi kwenye karatasi.

"Hawa ni watu wawili," alisema.

"Ni mmoja, baba. Ni mdogo wangu."

"Mtu mwenye karatasi halali anadanganya jina kwa nini?"

Nilifungua mdomo nikaanza kumweleza kuhusu Burundi, kuhusu baba na mama, kuhusu muuguzi na mkono uliovunjika. Nilikuwa nasema kweli tupu, na masikio yangu mwenyewe yalikuwa yanasikia mwongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akakunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia.

Mchana huo nilirudi kituo cha kwanza nikamwomba yule mama anionyeshe ukurasa wa Alhamisi. Nadhani alinihurumia, maana alivaa miwani na kukigeuza kitabu upande wangu. Jina langu lilikuwa mstari wa saba, limeandikwa kwa wino wa bluu, herufi zote sawasawa. Mdogo wangu alikuwa amemtajia mwandishi polepole, najua, kama anavyonitajia mimi namba za simu. Kidole cha yule mama kilipita juu yake mara mbili, na kiganja changu mimi kikalala hapo hapo. Miaka tisa katika nchi hii, hayo ndiyo maandishi pekee yanayosema kwamba mimi na yeye ni ndugu.

Nilikwenda mpaka kule wanakowakusanya, mara tatu, na mara moja na watu wa kanisa waliojua kuandika barua. Tuliambiwa alama za vidole zitalinganishwa, na majibu hayakutoka. Yeye mwenyewe alipojua mambo yameharibika aliwatajia jina lake la kweli, wakaandika kwamba huyu anabadilisha majina. Baada ya wiki sita alipandishwa ndege.

Alinipigia kutoka Bujumbura kwa simu ya mtu. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nilimuuliza kwa nini alifanya ujinga ule, kwa nini hakuwapa jina lake akaningoja.

"Hawangekuruhusu, dada. Wangekufukuza kama kule hospitali," alisema. "Nilitaka ukifika tu wajue wewe ni nani wangu."

Nikamwambia nilifika. Siku ile ile, kabla ya saa kumi.

"Najua," alisema. "Nilikusikia ukigomba. Nikavaa viatu, nikasimama mlangoni, nikangoja waniite."