Makusu Huokotwa, Hayapigwi

Nilipokuwa mtoto pale Kabungu nilikuwa na mti wangu. Sikuurithi wala sikuupanda. Nilipewa na Mwalimu Agripina, na mpaka leo nikipita njia ile nauita wangu, wenye shamba wanishangae watakavyo.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji chetu cha ujamaa bado kinanukia nyasi mpya za kuezekea. Shuleni tulikuwa na kitabu kimoja cha majira, kimechakaa, chenye picha ya mti uliofunikwa na kitu cheupe. Sisi tulijua ni pamba. Mwalimu alijaribu kutueleza theluji, akaona tunamkodolea macho tu, akakifunga kitabu. Akasema majira yetu yako nje, twende tukayasome huko. Kila mtoto achague mti mmoja, aufuatilie mwaka mzima, na kila unapobadilika alete kitu chake mezani mbele ya darasa: jani, ua, tunda bichi, tunda bivu. Siku ya kufunga shule wazazi wangealikwa, na mwenye mti uliokamilika angesimama kuusimulia.

Wengine walichagua miembe ya uani kwao, wavivu hao. Mimi nilichagua mkusu uliokuwa ng'ambo ya kijito, mti wa majani mapana ambao kila mvua zikikaribia ulitulisha matunda yake matamu ya rangi ya udongo.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akinilea. Hakupinga. Ila alinikumbusha sheria ya makusu, niliyoijua kabla sijajua kuhesabu. Makusu huokotwa, hayapigwi. Mti una wenyewe, yaani mizimu, na binadamu hula kile alichoangushiwa. Ukipopoa, njia inajifunga, unazunguka porini mpaka miguu ikuishie. Na ikijifunga usikimbie. Rudi kwenye shina la mti, kaa chini, kula moja lililoanguka lenyewe, kokwa zake ziache pale pale, ungoje.

"Na siku utakayoupiga mti ule, mke mwenzangu," aliniambia akipepeta ulezi, "shule imekwisha. Utabaki hapa tutwange wote."

Aliniita mke mwenza kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, lakini usoni hakukuwa na utani. Nilipenda shule kuliko kula. Nilijua akisema amesema.

Jani nilileta. Ua niliokota. Tunda bichi likawa mtihani, kwa sababu bichi halianguki. Kila tukitoka shule nilikwenda kulitafuta. Nilingoja upepo, ukapita juu juu. Nikawangoja nyani, ambao hawana bibi wa kuwakataza, huchuma mabichi wakayaonja na kuyatupa. Mwaka ule wakahamia bonde jingine, kana kwamba wamesikia nawahitaji. Mabivu ya kwanza yakaanza kuanguka, nikapeleka moja mezani, nafasi ya bichi ikabaki tupu. Niliapa kwamba sitasimama mbele ya wazazi na mti wenye pengo, na niliapa vilevile kwamba sitaupiga. Viapo viwili hivyo nilivibeba kichwani kama mtungi uliojaa.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Spesioza. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, wakapewa mahali pa kujishikiza kwa jirani yetu. Kiswahili chake kilikuwa bado kichache, lakini hamu yangu aliielewa vizuri. Alasiri moja yenye mawingu mazito alinifuata. Nilikuwa nimeinama napekua majani makavu niliposikia fimbo ikichapa tawi, na makusu mabichi yakaniangukia mgongoni. Nilipoinuka nikamkuta anatabasamu.

"Chukua," alisema. "Umetafuta sana."

Nililia kwa hasira. Nilipomweleza sheria ya Bibi, fimbo ilimtoka mkononi. Sikugusa hata tunda moja. Tukaondoka haraka.

Jua halikuonekana. Mwezi ule miti yote ya miyombo huvaa majani mapya mekundu, na mti huu ni sawa na ule. Tulitembea, tukatembea, kijito hakifiki. Kisha mbele yetu ukatokea mti wenye majani mapana, na chini yake makusu mabichi yametapakaa, na fimbo ya Spesioza.

Spesioza alinivuta tukimbie. Nilikataa. Nilikuwa mdogo kwake kwa kimo, lakini nilimshika gauni nikamketisha kwa nguvu. Tukala moja moja la yale mabivu yaliyoanguka yenyewe, tukaacha kokwa shinani. Yeye akasali kwa Kirundi, mimi nikaomba radhi kwa Kibende chetu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kutupiga, na bado sikumwachia gauni.

Ndipo tukasikia chuma kikigongwa. Alikuwa Bibi akitutafuta, na jembe bovu na jiwe mkononi. Mti wangu aliujua, akaja moja kwa moja. Aliangalia fimbo, akaangalia mabichi.

"Nani amepiga?"

Niliiona shule ikiondoka. Spesioza akasimama.

"Ni mimi, Bibi. Hakunituma. Kwetu tunaangusha tu."

Bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asiyeambiwa hana kosa." Akamfunika kichwa kwa khanga yake. Kisha akainama, akaokota kusu bichi moja, akalifuta, akanitia mkononi.

"Si hili unalolitafuta? Limeanguka. Lililoanguka huokotwa."

Siku ya kufunga shule Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alikaa benchi la mbele. Niliusimulia mti wangu wote, jani mpaka bivu, na sheria yake. Spesioza alishika lile bichi juu watu walione.

Nimefundisha miaka mingi Mpanda mjini, pale Majengo, na darasani kwangu siku zote kumekuwa na meza ya majira. Watoto wakiniuliza kama kweli njia hujifunga, nawaambia mawingu yalificha jua. Nawaambia pia kwamba tulipatikana kwa sababu tulikaa pale Bibi aliponiambia nikae. Cha kuamini wachague wenyewe. Cha kutii hawachagui.

Ila kila mara kabla ya kutoka nao porini, namtafuta kwanza mtoto aliye mgeni, aliyehamia juzi kutoka huko kwao. Namweka karibu nami, namwambia sheria ya makusu taratibu mpaka aelewe. Namwambia mapema, kabla hajaokota fimbo.